Nimepima sikoseli kabla ya ndoa hapa Mwanza: nyota 3, na 2 kati ya hizo ni za yule mzee wa maabara

Jina la maabara sitaji, ipo njia ya kwenda Igoma. Mimi na mchumba wangu tuliambiwa tupime kabla ya ndoa, na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ikiwemo. Foleni fupi, dada anayetoa damu ana mkono mwepesi, choo kisafi, hayo nawapa.

Balaa likaja kwenye majibu. Napewa karatasi dirishani, imeandikwa sikoseli pozitivu, muhuri juu yake, basi, nauliza maana yake nini naambiwa "muone daktari kaka, anayefuata!" Yaani nina miaka 31, kila Jumapili nacheza mpira, leo nina sikoseli? Mama kwenye simu analia, shangazi kashasema ukoo umerogwa, mchumba yuko kimya anaangalia viatu.

Kesho yake nikarudi nimefura. Ndo nikamkuta huyo mzee, nikampa shikamoo yake ya hasira, akacheka akanivuta kwenye darubini. Kumbe tone la damu linawekwa kwenye kioo linanyimwa oksijeni, seli zenye hitilafu zinajikunja. Nikaziona mwenyewe, nyingine duara kabisa nyingine zimechongoka kama mundu wa kuvunia mpunga. Sasa hicho kipimo kinasema "ndiyo" kwa mgonjwa, SS, na kinasema "ndiyo" hiyohiyo kwa mtu aliyerithi jeni moja tu ya sikoseli toka kwa mzazi mmoja, AS, ambaye kwa kawaida wala haumwi! Kuwatofautisha kuna kipimo kingine cha kutenganisha himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa umeme. Nikalipia tena (hapa ndo nyota zilipopotea, si wangesema toka mwanzo), siku 3, AS.

Akaniuliza kwenu wapi, nikamwambia baba Mkerewe mama Msukuma wa Magu, akasema aah, mbona hata sishangai. Huku ziwani mbu wametutafuna vizazi na vizazi, malaria inaondoka na watoto, ila mtoto wa AS malaria kali haimuangushi kirahisi kama wenzake, anakua, anazaa, anarithisha. Kuna daktari anaitwa Allison, alikulia Kenya, mwaka 1949 alizunguka kule anapima damu za watu akakuta pwani na kandokando ya Ziwa Victoria hiyo hali imejaa, ukipanda nyanda za juu kwenye baridi karibu haipo, na 1954 akaandika kwamba sababu ni malaria. Shangazi na urogi wake nilimsimulia yote hayo, kanuna mpaka leo.

Mchumba wangu wa Makete, AA, yaani hana jeni hiyo kabisa. Kule kwao baridi ile mbu atafanya kazi gani. Sisemi kila wa Makete yuko hivyo, watu wanaoana na kuhama, na hata Ugiriki na India sikoseli ipo sehemu zilizokuwa na malaria. Halafu msije mkasema AS ni chanjo, mwaka jana tu nimemeza mseto wa malaria dozi nzima. Kwetu sisi mtoto akizidi sana atakuwa AS kama baba yake, ila tungekuwa AS wote wawili kila mimba ina asilimia 25 ya kuleta SS.

Kwa hiyo mkienda msiondoke na karatasi ya pozitivu, ulizeni ni AS au SS. Na nendeni asubuhi, mzee akishatoka saa 7 mchana mnabaki na yule wa dirishani.