Mpira wa kumwagilia ukoka: kabla ya kulipa, ukunje juani

Kaskazi ikishaingia, kuanzia Desemba hadi masika yaanze Machi, ukoka wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huishi kwa mpira wa maji. Na malalamiko kila mwaka ni yale yale: mpira ulionunuliwa Novemba, kufika Februari umetoboka, tena hatua moja tu kutoka kwenye koki. Muuzaji atakwambia ni presha. Si presha, ni mkunjo.

Rangi, urefu, bunduki ya maji ya bure, hivyo kila mnunuzi anavitazama mwenyewe. Mkunjo hakuna anayeuuliza, na ndio unaoua mipira mingi zaidi kuliko jua lenyewe.

PVC, plastiki ya mipira mingi, hulegea kwa joto. Mpira uliokuwa mkakamavu dukani chini ya feni, ukilala juu ya sementi saa saba mchana unakuwa laini kama chapati. Uvute kuzunguka kona ya nyumba uone: unajikunja, kuta zinagusana, maji yanakatika. Pampu haijui hilo, inaendelea kusukuma, na presha yote inabaki upande wa koki. Palipokunjika plastiki imevutika upande wa nje na kuacha alama nyeupe. Alama hiyo haiondoki. Kesho mpira utajikunja hapo hapo, na kesho kutwa, mpaka upasuke. Mahali mkunjo unapopenda kuanzia ni pale mpira unaponing'inia kutoka kwenye koki, kwa sababu uzito wake wote unauvuta chini. Ndiyo maana tundu liko hatua moja kutoka kwenye koki.

Jaribio lake ni la bure. Toa mpira nje ya duka, uache juani robo saa, kisha shika sehemu yake kwa mikono miwili, tengeneza duara na ulikaze taratibu. Mpira mzuri wa nusu inchi hufika upana wa sahani ya wali, kama sentimita 25, bila kubonyea. Wa robo tatu inchi uruhusu hadi sentimita 35. Ukibonyea kabla ya hapo, urudishe. Muuzaji akikataa mpira usitoke nje, ameshakujibu.

Halafu tazama ncha iliyokatwa. Unatafuta tabaka tatu: plastiki ya ndani, wavu wa nyuzi, plastiki ya nje. Mpira unaojisokota maji yakijaa uko nusu ya njia kuelekea kujikunja. Kuna mipira yenye mistari iliyochapwa juu tu, ndani hamna uzi hata mmoja. Kwenye ncha vichwa vya nyuzi vitaonekana. Visipoonekana, hiyo ni rangi.

Mpangilio wangu ni huu.

Wa kwanza ni Gardena, na sijifichi: ninaipendelea. Ni kampuni ya Ujerumani, na mfumo wake wa koneta za kubofya ulioanza mwaka 1968 umeigwa na karibu kila mtu. Chukua aina ya Comfort HighFLEX. Wa nusu inchi umeandikwa bar 30 (bar ni kipimo cha presha) kama kiwango cha kupasuka, ilhali Classic, ya bei ya chini ya kampuni hiyo hiyo, ni bar 22. Pampu ya nyumbani haitoi hata nusu ya hizo, kwa hiyo usinunue bar. Nunua kilicholeta bar, yaani ukuta mnene na nyuzi zinazoshikilia umbo. Huu ukiupitisha kwenye kona ya ukuta mchana wa Januari, unapinda bila kujiziba. Ubaya ni bei, na haupatikani kila duka. Ukipata Classic pekee, chukua, lakini usiuache juani.

Wa pili ni mpira mweusi wa raba halisi. Kwa kukataa mkunjo ni mgumu kuushinda, na jua haulijali sana. Ila mita 30 za robo tatu zikijaa maji ni mzigo, na ukiburutwa juu ya nyasi za Pemba zilizopandwa majuzi unazing'oa. Maji yaliyobaki ndani yake mchana hufikia joto la kuunguza; yamwage pembeni mpaka yatoke ya baridi, hasa kama kuna watoto.

Wa tatu ni PVC yenye nyuzi isiyo na jina, inayouzwa kwa mita. Hapa unanunua kwa uzito: kwa upana ule ule wa ndani, mpira mzito ndio mnene. Ukifaulu jaribio la duara, utakutumikia misimu miwili au mitatu.

Unaotanuka, wenye koti la kitambaa: acha. Mrija wa ndani ni mwembamba kama puto. Ule unaopitisha mwanga usio na nyuzi: acha pia, unaota ukijani ndani.

Sasa upana, maana hapa ndipo watu wenye tenki juu ya mnara wanapojichosha. Ukoka wakati wa kaskazi unataka kama milimita 25 kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Bustani ya mita 5 kwa 10 ni lita 1,250. Gawa mara mbili kwa wiki, alfajiri, maji yazame chini. Kunyunyiza kidogo kila jioni kunafuga mizizi ya juujuu tu na kukaribisha ukungu. Tenki likiwa mita 3 juu ya koki linakupa bar 0.3 tu. Kwa presha hiyo, mpira wa nusu inchi wenye urefu wa mita 30 hutoa takriban lita 7 kwa dakika: ndoo ya lita 20 inajaa kwa karibu dakika tatu. Wa robo tatu hutoa karibu lita 20, ndoo moja kwa dakika. Kila zamu ya kumwagilia, hiyo ni saa moja na nusu kwa wa kwanza na nusu saa kwa wa pili.

Kwa hiyo mwenye tenki bila pampu anunue robo tatu. Lakini upana ukiongezeka na ukuta ukabaki mwembamba, mpira hujikunja upesi zaidi. Robo tatu ya bei chee ndiyo mbaya kuliko zote. Na kwa presha ya mnara usiweke koneta ya kubofya yenye kizuizi cha maji, hata ya Gardena, kwa sababu tundu lake linabana mtiririko. Visha mpira moja kwa moja kwenye nipo ya koki, ile ncha inayoingia ndani ya mpira, na ukaze kwa klipu ya chuma. Sprinkla nayo isahau: bar 0.3 haizungushi kitu.

Ukiwa na rula, ingia nayo dukani. Nusu inchi ni milimita 13 za ndani, robo tatu ni 19. Wauzaji wengi wanapima nje, kwa hiyo "robo tatu" yao ni nusu inchi yenye koti, na bei ni ya robo tatu. Urefu nao una hila yake. Anakwambia "hamsini", nawe unasikia mita. Ukifungua nyumbani ni futi 50, mita 15 tu. "Mia" ni mita 30 na nusu. Ukirudi, unaambiwa ulishafungua mzigo. Na huyo wa kupima kwa kunyoosha mikono, kila pima yake inapungua kadiri foleni inavyorefuka. Omba mpira ulazwe chini na upimwe kwa tepu, ukiwa umesimama hapo hapo. Wanakasirika, waache wakasirike. Wao ndio walioficha tepu.

Ukishaufikisha nyumbani, funga elbo (kiungio cha kona) kwenye koki ili mpira utoke ukitazama chini, au uvishe sentimita 30 za kwanza kipande cha mpira mpana zaidi kama koti. Ukimaliza kumwagilia funga koki, mwaga maji yaliyobaki, uzungushe kwenye rimu ya gari iliyotundikwa kivulini. Usiutundike kwenye msumari.