Dakika za kwanza za filamu za kutisha: nani anajua kazi yake?

Jambo yenu wote, yaya zangu na wadogo zangu, mlio hapa Lubumbashi na mlio mbali. Leo sichambui filamu nzima. Nachambua mwanzo tu, zile dakika tano au kumi za kwanza, wakati bado hujajua nani ni nani. Nimechagua filamu za kutisha ambazo wengi wenu mmeziona, pengine kwa majina ya Kifaransa, maana kwetu hapa nyingi zinatufikia zikiwa zimetiwa sauti za Kifaransa. Na nitasema nani anakufa. Filamu ya 1975, usije ukanilalamikia kwamba nimekuharibia utamu.

Msimamo wangu nautoa sasa hivi ili tubishane vizuri. Kukurusha kwenye kiti ni kazi nyepesi: nyamazisha kila kitu, halafu piga kelele. Mtoto aliyejificha nyuma ya mlango anaiweza. Mwanzo mzuri unakufundisha kitu kimoja cha kuogopa, kimoja tu, kisha filamu inavuna kutoka kwenye somo hilo mpaka mwisho. Alama zangu nazitoa kwa kipimo hicho.

Ya kwanza ni Jaws, yaani Les Dents de la mer, 1975, ya Steven Spielberg, kuhusu papa, yule samaki mkubwa, anayekula watu. Vijana wako ufukoni usiku, wamewasha moto, gitaa linapigwa. Msichana anakimbilia majini kuogelea. Mvulana anayemfuata amelewa, anaangukia mchangani. Kamera inashuka chini ya maji na kumtazama msichana kutoka huko. Halafu anavutwa. Mara moja, kidogo tu. Anashtuka, kama mtu anayejiuliza kama ni kweli. Anavutwa tena, na sasa anaburutwa kushoto na kulia. Na papa? Humwoni. Hata mkia huoni. Kinachotokea chini ya maji unakichora wewe mwenyewe kichwani, na hakuna fundi wa sinema anayeweza kuchora kitu cha kutisha kama kichwa chako. Mwigizaji wake, Susan Backlinie, alifungwa kamba, watu wakawa wanamvuta huku na huku. Kamba, bwana! Mnaosema hapa kwetu hatuwezi kwa sababu hatuna mashine, nimewasikia.

Katikati ya mayowe, Spielberg anakata na kutuonyesha yule mlevi amelala pale pale ufukoni, bahari imetulia, hakuna anayesikia kitu. Kwangu mimi hapo ndipo panapoumiza kuliko meno yoyote.

Lakini somo lenyewe liko kwenye muziki wa John Williams. Noti mbili, zinaanza polepole, zinaongeza mwendo. Zinaanza tangu majina ya waigizaji yanapopita, kamera ikiwa inatembea chini ya maji. Basi umeshafundishwa: ukisikia hizo noti, papa yupo. Na filamu inatimiza ahadi. Baadaye kuna watoto wawili wanaowatisha watu kwa pezi la bandia, na pale muziki haupigi. Masikio yako yalijua kabla ya macho. Halafu ukishauamini muziki kabisa, papa anatokeza kichwa bila noti hata moja. Huo sasa ni uhuni wa mtu mwenye akili. Papa wa mashine alikuwa anaharibika kila mara baharini, ndiyo sababu mojawapo ya kumficha zaidi ya saa nzima. Kumi kwa kumi, na simpunguzii mtu.

Halloween, La Nuit des masques, 1978, John Carpenter. Hii iwahusu hasa vijana wanaopiga filamu kwa fedha za kuchanga, kwa sababu yote ilitengenezwa kwa kama dola laki tatu, na kwa Hollywood hiyo ni senti. Mwanzo wake: kamera inakuwa macho ya mtu. Tunazunguka nyumba usiku, tunachungulia dirishani, tunamwona binti na mvulana wake. Taa ya juu inazimwa. Tunaingia kwa mlango wa nyuma, mkono unafungua droo ya jikoni, unatoa kisu. Mvulana anashuka na kuondoka. Muda alioutumia kule juu sisemi kitu, kuna watoto wanatazama. Tunapanda ngazi, tunaokota kinyago, tunakivaa, na tangu hapo tunaona kupitia matundu mawili tu.

Unaona alivyokubana? Picha inaonekana haikatwi, ingawa kuna viungo vilivyofichwa humo. Pasipo kukatwa, huna mahali pa kupumulia. Kamera ilifungwa kwenye mwili wa mpigapicha, chombo kinaitwa Panaglide, ndiyo maana inateleza hivyo. Na wewe uliyekaa kwenye kiti ndiye unayeshika kisu. Hukuombwa ruhusa. Baada ya mauaji tunatoka nje, wazazi wanafika, kinyago kinavuliwa, na kwa mara ya kwanza kamera inamtazama muuaji: mtoto wa miaka sita. Mkono uliotoa kisu kwenye droo, kwa wanaopenda habari za jikoni, ni wa Debra Hill, mtayarishaji wa filamu. Pasipo na fedha, kila mtu anaazima mwili wake. Tisa. Kutoka hapo, kila kamera inapotembea taratibu nyuma ya mtu, unajiuliza haya ni macho ya nani.

Scream sasa, 1996, Wes Craven. Hapa nakaa.

Msichana yuko peke yake nyumbani, anapasha bisi jikoni. Simu inalia, mtu amekosea namba. Inalia tena. Sauti ni ya upole, ina utani kidogo, wanaongea kuhusu filamu za kutisha. Yeye anatabasamu, anazunguka nyumba, na sisi tunazunguka naye, na ndivyo tunavyoonyeshwa milango ile mikubwa ya vioo, na nje giza tupu. Hatujaambiwa kwamba vioo ni hatari. Tumevipita tu, mara mbili, mara tatu. Wakati huo bisi zinavimba kwenye moto. Ile ndiyo saa ya tukio lote: sauti ya simu inavyozidi kubadilika, ndivyo zile bisi zinavyotutumka, na hakuna anayezitoa.

Mwigizaji ni Drew Barrymore. Alikuwa jina kubwa, uso wake uko kwenye bango. Mtu mwenye uso kwenye bango hafi mapema, ndivyo tulivyozoea, na Craven anayaua mazoea hayo. Mwongozaji Alfred Hitchcock alikuwa ameshafanya hivyo mwaka 1960 kwenye filamu yake Psycho, lakini alisubiri filamu ikolee kwanza. Craven hasubiri. Kabla ya robo saa, binti amekufa, na wewe huna tena wa kumshikilia.

Kuna kitu kimoja cha ukatili pale mwishoni. Wazazi wanarudi nyumbani. Yeye yuko hatua chache kutoka kwao, ameumizwa koo, hawezi kuita. Mama anainua simu na kumsikia mwanawe humo. Ningeulizwa nichague sekunde chache tu katika video hii yote, ningechukua hizo.

Tisa na nusu. Nusu naikata si kwa kosa lao: tafuteni yenye sauti za asili na maandishi chini. Sauti ya simu ni ya Roger L. Jackson, ambaye siku za kupiga picha alikuwa anaongea na Barrymore kwenye simu kweli, amefichwa asionekane. Ukiweka sauti ya studio ya Kifaransa juu yake, hofu ile ya mtu aliye karibu inapungua.

A Quiet Place, Sans un bruit, 2018, ya John Krasinski. Kuna viumbe vinavyowinda kwa kusikia, ukitoa sauti umekwisha. Familia inatembea peku dukani, hakuna neno, wanaongea kwa mikono. Mtoto mdogo anataka chombo cha kuchezea kinachotoa sauti. Baba anatoa betri. Dada anamrudishia chombo, na wakishageuka mtoto anachukua betri. Sisi tumeona, wao hawakuona. Hitchcock alieleza zamani kwamba bomu likilipuka ghafla unashtuka mara moja, lakini ukilijua liko chini ya meza, unateseka muda wote watu wanapopiga soga. Hapa bomu ni betri mbili. Nane tu, kwa sababu baada ya ufunguzi huo filamu inatumia muziki mwingi kuliko inavyohitaji. Na msiitazame jenereta ya jirani ikinguruma. SNEL, shirika letu la umeme, wakikata, ahirisheni.

The Shining, ya Kubrick, 1980: gari dogo la manjano barabarani milimani, kamera kwenye helikopta, muziki wa mazishi. Hakuna anayeguswa. Tisa, tuendelee.

Kinachonichosha ni mwanzo wa ndoto: mtu anafukuzwa, anakamatwa, anaamka kitandani anatoka jasho. Hapo nimefundishwa nini? Kwamba ninachokiona hakina maana. Na filamu zetu fupi za uchawi nazo, samahani sana: sekunde ya kwanza radi, ya pili ngoma, ya tatu mchawi anacheka kwa mwangwi, uso umepakwa unga. Umeshaonyesha yote. Dakika zilizobaki utatupa nini?

Kwa hiyo wapigapicha wa Katuba, Kenya, Ruashi, mitaa yetu ya hapa Lubumbashi, nitumieni dakika mbili za kwanza za kazi zenu, bila muziki wowote. Nitazichambua video ijayo kwa kipimo hiki hiki. Zenye kicheko cha mchawi sizifungui.