Bingo ya mchana hapa Leicester, nyota nne

Jamani kama uko Uingereza na upweke umekubana nenda ukumbi wa bingo, ule mchezo wa bahati wa kuweka alama kwenye namba za tiketi yako zikitajwa, huu wa mtaani kwetu naupenda sana. Tiketi ina namba 15, zinaitwa kati ya 1 na 90, unatafuta kukamilisha mstari mmoja, halafu miwili, halafu tiketi nzima. Zikisomwa ni kimyaa, ila ikitajwa 11, inayofanana na miguu miwili, watu wanapiga mluzi! Utamu wenyewe ni mapumziko, chai na chipsi, bibi wa meza ya pili anakuuliza mama anaendeleaje, na namba ikikupita anakugongea kwenye tiketi yako kwa ile kalamu yake nene ya wino. Hela ya kushinda usiitegemee. Nyota moja nimeipunguza kwa zile mashine za kamari mlangoni, zinakomba watu vibaya.