Kliniki ya TB inayofukuza wanaokohoa: uzoefu wangu

Jina la zahanati silitaji. Wa huku Kisauni, Mombasa, mtaijua wenyewe. Na msije mkanijibu eti dawa zilikuwepo. Najua zilikuwepo, tena bure, kama zilivyo kwenye vituo vyote vya serikali Kenya nzima. Ugomvi wangu hauko kwenye dawa. Uko getini.

Ilikuwa ule mwaka wa korona, 2020, kafyu imeshaanza, matatu zinabeba nusu ya abiria na nauli imepanda juu. Nimekonda hadi suruali haikai kiunoni, usiku jasho linalowesha shuka, na kikohozi hakinipi nafasi ya kumaliza salamu. Najikokota mpaka zahanati. Askari ananielekezea kipima joto kwenye paji la uso kama bastola, na kabla hakijasema kitu, nikakohoa.

"Wewe! Rudi nyuma! Mwenye kikohozi haingii humu!"

"Bosi, nimekuja kliniki ya TB."

"TB, korona, mimi sijui. Kikohozi ni kikohozi."

Jamani! Kliniki ya TB isiyotaka wanaokohoa itamtibu nani? Mwenye kuumwa goti?

Akanisukumia kwenye hema lililofungwa kando ya geti. Humo kuna mama na mtoto mchanga mwenye mafua, mzee wa pumu, kijana anayetetemeka kwa homa, na mimi na TB yangu ambayo haijaguswa na kidonge. Turubai zimeshushwa hadi chini kukinga jua, hewa haipiti. Ugonjwa huu unasafiri kwa hewa, na kinga yake ya kwanza ni dirisha wazi. Sikuambiwa na profesa, nilikuja kuyasoma baadaye kwenye bango lililobandikwa ndani ya zahanati hiyo hiyo! Yule mtoto mchanga bado namfikiria. Ndoo ya maji na sabuni zilikuwepo, sikatai, tunanawa mikono vizuri kabisa huku tunapumuliana.

Nikasikia mtu nyuma yangu anasema niitiwe gari la karantini. Siku zile ukichukuliwa hujui utarudi lini, na watu walikuwa wakizuiliwa huko mpaka walipe bili. Nikaondoka. Nikakaa nyumbani na tangawizi na asali, wiki zikapita, na nyumbani nina mtoto wa miaka mitatu. Sasa nani alikuwa hatari kwa nani?

Aliyeniokoa ni mama mmoja mhudumu wa afya wa jamii, anapita nyumba kwa nyumba. Alinisikia kutoka barazani. Kesho yake nikarudi zahanati, na sista wa TB mwenyewe akanifuata nje ya geti, akanizungusha upande wa ukuta, chini ya mwarobaini. "Mwanangu, njoo huku, achana na huyo." Akanipa kichupa. "Kohoa kutoka kifuani. Mate sitaki." Pale pale nje, upepo unavuma. Huyo ndiye anayejua kazi.

Majibu yalichelewa, nikaambiwa mashine huko hospitali kubwa ina foleni ya korona. Lakini yalipotoka, sista alinipa dawa za mwezi mzima nisipande matatu kila wiki, akanionya mapema kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa nisije nikadhani ni damu, akamwanzishia mtoto wangu dawa za kinga. Na alinipigia simu kwa salio lake kuuliza kama nimemeza. Miezi sita nimeimaliza. Kilo zimerudi. Kwa hapo nilitaka kuandika nyota tano na nifunge mdomo.

Ila sifungi. Kwa sababu mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu: watu waliogunduliwa kuwa na TB duniani walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020, na vifo vikapanda kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Hao zaidi ya milioni waliopungua hawakupona kwa dua! Walikuwa nyumbani wakinywa tangawizi. Najua wapo walioogopa tu, wapo waliofungiwa, wapo waliokosa nauli. Na wapo waliofika getini.

Yule askari nilikutana naye tena nikienda kumalizia dozi. "Mzee, umenenepa!" Anacheka. Hanikumbuki hata kidogo. Sikumjibu. Pengine aliambiwa afanye vile, pengine naye alikuwa akiogopa kufa kwa mshahara ule, sawa, lakini mimi ndiye niliyefokewa mbele za watu.

Nyota mbili basi. Tatu, kwa ajili ya mwarobaini. Ukienda, geti kubwa liache, zunguka ukutani umuulizie sista wa TB. Ingawa nasikia amehamishwa. Kama ni kweli, weka moja, na hiyo moja ni ya dawa.