ORS ya pakiti (unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha) au maji ya sukari na chumvi ya nyumbani?

Mtoto akianza kuharisha, mimi nachagua pakiti bila kusita. Chumvi na glukosi zimeshapimwa, tena ina potasiamu, ambayo mwili wa mtoto huipoteza kila anapoharisha. Mchanganyiko wa nyumbani hauna. Ila soma maelekezo: kuna pakiti za kuchanganya na lita 1 ya maji na za nusu lita. Maji uliyochanganya yakipita saa 24, yamwage.

Maji ya nyumbani yana faida moja kubwa: yanapatikana hata usiku wa manane, maduka yamefungwa. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visijae kupita ukingo. Hapo kwenye chumvi ndipo ninapoogopa, maana ikizidi inaweza kumdhuru mtoto vibaya. Yaonje kwanza, yakizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya. Asubuhi katafute pakiti, na uulizie vidonge vya zinki, vya siku 10 hadi 14.

Kunyonyesha kuendelee. Macho yakizama, akishindwa kunywa au ukiona damu kwenye choo, mkimbize kituo cha afya usiku huohuo.