TAHADHARI: Mnaochukua tuktuk mpya Mombasa, hizi waranti msiziamini kwa mdomo

Jamani ndugu zangu wa tuktuk na boda, hasa nyinyi mnaojipanga kuchukua chombo kipya saa hizi na mkopo wa sacco ushapita, nawaomba msome hii yote kabla hamjampa mtu hata shilingi. Kuna duka la vyombo vipya hapa Mombasa, jina siliweki kwa sababu mambo tushayapeleka mahakamani na sitaki wapate pa kushikia, lakini mchezo wao nautoa wote hapa, na ukiuona kwa muuzaji yeyote yule basi toka hapo na pesa zako.

Tuktuk tuliichukua zero kabisa, viti bado vina nailoni. Muda wa waranti haujafika hata nusu ikaanza kutoa moshi wa buluu asubuhi ukiiwasha, baadaye ikawa inatoa mchana kutwa, na oili inakula vibaya sana, unaongeza leo, keshokutwa ukichomoa kijiti cha kupimia unakuta iko chini ya alama na hakuna tone lililovuja chini. Fundi yeyote wa Kisauni au Kongowea atakwambia moshi wa buluu ni oili inaungua ndani ya injini, ni ringi za pistoni ama sili za valvu hazishiki, na hiyo si shida ya chombo kipya ambacho servisi zote zimefanywa hapohapo dukani na risiti zipo.

Tukawarudishia. Kwanza wakasema ni petroli chafu. Tukawauliza mmeipima wapi, kimya. Halafu ikawa dereva anapakia kupita kiasi. Halafu meneja mwenyewe akatoka akasema hiki chombo kimetumika kibiashara kwa hivyo waranti haihusiki, na mimi hilo ndilo lililonikasirisha zaidi kwa sababu tuktuk ni ya kubeba abiria, ndivyo walivyoitangaza, ndivyo walivyotuuzia, na kwenye ankara yao wenyewe wameandika hivyo, sasa utamuuziaje mtu chombo cha kazi fulani kisha umnyime haki yake eti kwa sababu kimefanya kazi hiyo?

Mwisho kabisa wakaleta kile kitabu cha waranti. Ukurasa wa kwanza una kisanduku cha tarehe ya kuuzwa, namba ya chasisi, namba ya injini, na pembeni mahali pa muhuri wa muuzaji. Chasisi na injini zimejazwa, tarehe hakuna, muhuri hakuna. Wakasema kitabu hakijakamilika kwa hivyo kiwandani hawaitambui. Ndugu zangu, muhuri ule ni kazi yao wao, mnunuzi hana muhuri! Na baada ya hapo nimeongea na madereva wengine waliochukua chombo kwa haohao, vitabu vyao viko vivyo hivyo, kisanduku kitupu. Mtu mmoja ningesema karani alisahau. Wote hawa, hapana, huo ni mpango.

Sasa sikilizeni sehemu yenye hatari yenyewe. Hawakukatalii wazi, wanakuchosha. Kila kitu wanakwambia kwa mdomo, hakuna karatasi, "tumetuma picha kiwandani tunangoja jibu", na chombo kimelala uani kwao, hesabu ya kila siku haiingii, sacco nao tarehe ikifika wanataka rejesho lao na hawataki kujua injini imefanya nini. Ukishabanwa vya kutosha ndio wanakuja na ile karatasi ya "msaada", kwamba wao watatoa vipuri nusu bei na wewe ulipe ufundi, ila utie saini kwamba umeridhika na hutadai tena. Watu wengi wanatia saini kwa sababu watoto nyumbani wanataka kula, siwalaumu hata kidogo. Lakini ukiweza usiiguse hiyo kalamu, maana ile karatasi ndiyo watakayoionyesha siku injini ikifa tena.

Na msikubali mtu awaambie kwamba kampuni ikikataa waranti basi imeisha. Waranti ya kwenye kitabu ni ahadi ya mtengenezaji, iko peke yake, na haki ya sheria iko peke yake, haiondoki kwa sababu ya muhuri. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 46 inasema mlaji ana haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, ana haki ya kupewa maelezo yanayohitajika, na ana haki ya fidia akipata hasara kwa ubovu wa bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ile Sura ya 31, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu chenye hali ya kufaa kuuzwa, na anayebanwa hapo ni aliyechukua pesa zako, yaani muuzaji, hawezi kukusukumia India wala China. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012, hiyo inasema kipengele chochote cha mkataba kinachojaribu kufuta hiyo dhamana ya ubora hakina nguvu. Na Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu waranti na haki zake, kwa hivyo yule anayekwambia "wewe huna haki yoyote hapa" hilo neno lenyewe ni kosa, unaweza kumlalamikia kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Ila kuna jambo moja la kuangalia sana, usikae na ubovu. Ukiendelea kutumia chombo miezi bila kusema kitu watasema ulishakipokea na ukaridhika nacho, na hapo kukirudisha urudishiwe pesa kunakuwa kugumu, ingawa fidia ya ubovu bado unaweza kudai. Siku ile ile unayoona moshi andika, hata kama ni meseji ya WhatsApp kwa namba ya duka, mradi kuna tarehe na kuna picha ya maili kwenye dashibodi.

Sisi tulichofanya tuliwaandikia barua, tukaeleza ubovu, tukawapa muda, tukataka kama wanakataa wakatae kwa maandishi na waseme sababu na nani kaipima. Hawakujibu barua, wakaanza kupiga simu tu, na kila simu ikikatika tunawatumia meseji "mmesema hivi na hivi leo". Muda ukapita tukaenda Mahakama ya Madai Madogo. Hii wengi hawaijui na ndiyo ya watu wa hali yetu, inasikiliza madai mpaka shilingi milioni moja, tuktuk inaingia na boda inaingia, si lazima uwe na wakili unajisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Unabeba ankara, risiti za servisi, kile kitabu na kisanduku chake kitupu, picha, meseji, na ripoti ya fundi asiyekuwa wa duka lile. Tangu wapelekewe zile karatasi za mahakama meneja amekuwa mpole ajabu, anataka tukae tuongee. Tutaongea mbele ya hakimu.

Kwa anayenunua wiki hii: usiondoke dukani kitabu hakijagongwa muhuri na tarehe, simama palepale mezani mpaka wakigonge, piga picha ukurasa huo. Uliza waranti inaisha kwa miezi au kwa kilomita, maana kinachotangulia kufika ndicho kinachoimaliza, na tuktuk ya mjini inamaliza kilomita mapema sana. Uliza vitu gani haviguswi, breki na klachi na balbu kwa kawaida hazimo na hiyo ni sawa, lakini injini na giaboksi zimo. Karani akikwambia muhuri uko kwa bosi na bosi hayupo, mwambie utarudi bosi akiwepo, na pesa zirudi na wewe.

Na kwa ambaye chombo chake kishaanza moshi, usimpe fundi wa mtaani aifungue injini kabla duka halijaiona na kukuandikia kwamba imeipokea. Wakikuta nati imeguswa tu hapo umewapa sababu waliyokuwa wanaitafuta.