Soko la mtandaoni la vifaa vya ujenzi vilivyotumika: mlango wa 900 uliofika ukiwa 820

Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu programu hairuhusu sifuri.

Tangazo lilisema "mlango wa mbao, 900 kwa 2100, hali nzuri". Umefika, ubawa wenyewe, yaani kile kipande kinachofunguka, ni milimita 820. Muuzaji alipima fremu nje kwa nje, wala hakudanganya: toa miimo miwili, zile nguzo za pembeni za fremu, ya milimita 50 kila mmoja, rudisha milimita 12 kila upande pale ubawa unapoingia ndani ya fremu, acha upenyo kidogo ili usikwame, unaangukia 820. Fremu yenyewe? Ilibaki ukutani, ikavunjwa pamoja na jengo. Mlango mpana unapigwa randa. Mwembamba utaufanya nini? Na ukiwa wa flashi, ule wenye mbao nyembamba pande mbili na uwazi ndani, hata randa ina mpaka: pembeni kuna ufito mwembamba tu wa mbao, ukiumaliza unakuta uwazi na skrubu za bawaba hazina pa kushika.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Ndugu mteja, vipimo ni makubaliano kati yako na muuzaji." Ndugu mteja! Kamisheni mmekata bila kuniuliza nimekubaliana na nani. Fomu ni yenu, na ina kisanduku kimoja cha "ukubwa", kila mtu aandike anavyojua. Mmechukua mfumo wa kuuzia simu mkabadilisha picha. Simu za toleo moja zinalingana. Mlango uliong'olewa hauna pacha.

Kwa mlango, fomu isikubali tangazo hadi muuzaji ajaze upana, urefu na unene wa ubawa kwa milimita, fremu ipo au haipo, na bawaba ziko kushoto au kulia ukisimama upande mlango unakofungukia. Hilo la bawaba wengi watalikosea, kwa hiyo wekeni mchoro wa kugusa badala ya maneno. Na swali ambalo sijaliona popote humo: kifaa kimeshang'olewa, au bado kiko ukutani? Kama bado, vipimo vyote ni vya kukisia.

Matofali nako ni vurugu. "Idadi: 1", kumbe ni lundo zima. Hakuna anayeulizwa yalijengwa kwa chokaa au saruji, wakati bei yote iko hapo: chokaa inabanduka kwa patasi, saruji ngumu huondoka na kipande cha tofali. Nondo zilizopindwa zikanyooshwa zinauzwa kama nzima. Hizo zisiruhusiwe kabisa kwenye kazi ya kubeba uzito, maana pale zilipopindwa zinaweza kuwa na nyufa usizoziona.

Sasa, haki itendeke. Mbao nilizopata humohumo ni nzuri kupita nyingi za dukani: zimekauka, zimenyooka, misumari imetolewa, ncha zilizopasuka zimekatwa kabla ya kupimwa. Muuzaji yule aliandika urefu unaobaki, kipande kwa kipande. Alijaza mwenyewe kwenye maelezo, fomu haikumsaidia chochote, na ndiyo maana hasira inanirudia: yeye anajua, mfumo haujui.

Basi nyota tatu kwa mbao. Hapana, mbili, maana mlango bado uko hapa na kurudisha ni kwa gharama ya mnunuzi. Kwa chochote chenye bawaba, dai picha ya tepu imelazwa juu ya ubawa, sifuri na namba ya mwisho zote zionekane, kabla hujalipa.